Luku Inaisha Haraka: Pima Nyumba kwa Uniti, Siyo kwa Shilingi

"Zamani elfu kumi ilinifikisha mwisho wa mwezi." Kauli hiyo ya mnunuzi wa luku, yaani umeme wa kulipia kabla, haimsaidii fundi hata kidogo. Inaweza kuwa friji imechoka, inaweza kuwa mita imehamishiwa bei nyingine, inaweza kuwa wageni wa Krismasi walikaa wiki tatu. Ukipima kwa shilingi, sababu zote hizo zinaonekana kitu kimoja. Kabla ya kufungua soketi hata moja, au kumshuku mpangaji wa chumba cha uani, tafuta nyumba inakula uniti (kilowati-saa) ngapi kwa siku.

Kazi hiyo ni ya wiki moja. Jumapili saa moja jioni soma salio kwenye rimoti ya luku, kile kifaa cha kuingizia tokeni, uliandike. Wiki nzima tunza meseji za tokeni. Jumapili inayofuata, saa ile ile, soma tena. Chukua salio la mwanzo, jumlisha uniti zilizonunuliwa, toa salio la mwisho, gawa kwa saba. Tuseme mlianza na 12.4, mkanunua 28.1 na 14.0, mkabaki na 19.0: mmetumia 35.5, sawa na uniti 5.1 kwa siku. Wengi hukosea kwa kuhesabu zilizonunuliwa peke yake, ilhali luku iliyojazwa tarehe 28 hutumika hadi mwezi unaofuata.

Mita nyingi pia hutunza jumla ya uniti zote tangu ifungwe. Namba za kubonyeza ili uione hutofautiana kwa aina ya mita, muulize fundi au ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, iliyo karibu. Ukiijua, achana na risiti: soma leo, soma baada ya siku saba, toa. Andika pembeni saa ambazo umeme ulikatika. Taa na feni zilizokosa umeme usiku haziurudishi kesho yake. Friza hufidia sehemu kubwa.

Pesa ile ile, uniti chache

Hapa mara nyingi nyumba haina kosa lolote. Chukua risiti, gawa kiasi ulicholipa kwa uniti ulizopata. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa T1 hulipa Sh 292 kwa uniti, na juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla Sh 356 na senti kidogo. Ndiyo maana elfu kumi huleta uniti 28 hivi. Mteja wa D1, yule wa matumizi madogo, hulipa Sh 100, na pamoja na tozo inakuwa Sh 122. Uniti zake 75 za mwezi zinagharimu Sh 9,150.

Ukigawa ukapata namba isiyolingana na hizo, angalia mambo matatu kwenye risiti yenyewe. La kwanza ni kodi ya jengo, inayokatwa kupitia luku tangu 2021. Huonekana kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kama miezi miwili mitatu hamkununua umeme, hukatwa kwa mkupuo. Nyumba moja yenye mita mbili ikiona makato kwenye mita zote, hilo ni la kupeleka ofisini na namba za mita zote mbili. La pili ni deni la zamani linalokatwa kidogo kidogo, na mpangaji mpya hurithi deni hilo bila kuambiwa. La tatu ni kuvuka uniti 75 kwa mwezi ukiwa D1.

Hili la kuvuka 75 ndilo linaloumiza watu wengi. Mteja wa D1 akizidisha, kila uniti ya ziada inahesabiwa kwa Sh 350, yaani Sh 427 na tozo. Uniti 90 kwa mwezi zinakuwa Sh 9,150 kuongeza Sh 6,405, jumla Sh 15,555. Ukizoea kuvuka, unaweza kuhamishiwa T1, na uniti hizo hizo 90 zikagharimu kama Sh 32,060. Matumizi hayakubadilika hata chembe, bili imezidi mara mbili. Na kwa kuwa hesabu hufuata manunuzi ndani ya mwezi wa kalenda, usinunue umeme wa akiba tarehe 29 kama tayari uko karibu na 75. Subiri tarehe moja.

Nyumba za kupanga zenye luku moja kwa vyumba vinne au vitano, kama zilivyojaa Mabatini na Igogo hapa Mwanza, karibu haziwezi kubaki D1. Vyumba vitano vinavyokula nusu uniti kila kimoja kwa siku vinafika 75 tarehe 30. Akija mmoja na friji, wote wamevuka. Mnaweza kugombana mwezi mzima juu ya nani aliacha taa wakati tatizo ni mita kuwa moja.

Jirani ananunua ya elfu kumi, sisi ya thelathini

Linganisha baada ya kuweka mambo sawa. Huko kwenye nchi za baridi nyumba hulinganishwa kwa mita za mraba, kwa sababu umeme au gesi nyingi inakwenda kupasha vyumba joto. Mwanza hakuna anayepasha sebule. Kama nyumba haina kiyoyozi, ukubwa wake hauelezi chochote. Idadi ya watu ndiyo inayoeleza, halafu vyombo vikubwa.

Chukua mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza iko Bugarika, chumba na sebule, watu wanne, uniti 2.1 kwa siku. Ya pili iko Buswelu, watu sita, uniti 6.0. Ukigawa kwa kichwa: 0.53 na 1.0. Buswelu wanaonekana wabadhirifu. Lakini wana friza ya samaki ya uniti 1.4 na pampu ya 0.4. Toa hizo, inabaki 4.2 kwa watu sita, yaani 0.7. Sasa swali limebaki dogo na linajibika: tofauti ya 0.17 kwa mtu inatoka wapi? Pengine ni pasi za sare za shule, pengine hita ya bafuni. Uliza pia wanapikia nini, kwa maana jirani wa elfu kumi huenda ana gunia la mkaa jikoni ambalo haliko kwenye luku yake.

Tunalala na uniti 9, tunaamka na 6

Uniti tatu zikiondoka usiku watu wamelala, kuna kitu kinafanya kazi. Kukipata tumia mita yenyewe. Mita za kisasa zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa uniti moja.

Pima sekunde za mipepeso kumi. Gawa 36,000,000 kwa namba ya mita mara sekunde ulizopata, na jibu ni wati zinazotumika wakati huo. Mita ya 1600 ikichukua sekunde 45 kwa mipepeso kumi: 1600 mara 45 ni 72,000, 36,000,000 gawa kwa 72,000 ni wati 500. Mita ikiwa juu ya nguzo na taa yake haionekani, tumia salio: liandike saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, gawa tofauti kwa saa saba. Uniti 2.8 kwa saa saba ni wati 400.

Usiku wa kawaida wa nyumba yenye friji moja na taa mbili za nje hauzidi wati 100 kwa wastani. Ukipata 400, zima sakiti breka moja baada ya nyingine ukirudia kupima. Ile inayoishusha namba ndiyo yenye mgeni. Kisha nenda kwenye vyombo vya sakiti hiyo, chomoa kimoja kimoja. Mpe friji nafasi, kwa sababu kompresa huwaka na kupumzika. Ikiwaka katikati ya zoezi utadhani umepata mwizi. Afadhali uichomoe kabisa kwa nusu saa hiyo.

Vinavyopatikana mara nyingi ni taa za ulinzi, hita ya tangi iliyosahauliwa, na kisimbuzi. Taa nne za nje za wati 15 kwa saa 12 ni uniti 0.72 kila usiku, zaidi ya 21 kwa mwezi. Kisimbuzi cha wati 15 kisichozimwa kamwe ni uniti 10.8 kwa mwezi, kama Sh 3,850 kwa T1. Chaja za simu zisizo na simu husingiziwa sana, lakini ni za kupuuza.

Friji haipumziki

Funga mlango usiku na hesabu dakika kompresa inazounguruma ndani ya saa moja. Friji nzima hupumzika. Ikizidi dakika 40 usiku, tena bila mtu kuifungua, kuna kasoro, na aina ya kasoro husomeka ndani ya friji: ikiunguruma muda wote na vitu havipoi, gesi imevuja au kompresa imechoka, ikiunguruma muda wote na maziwa yanaganda hadi rafu ya chini, thamostati imeganda. Ya pili ni rahisi kutengeneza. Ya kwanza, kwa friji ya zamani iliyokwisha jazwa gesi mara mbili, mara nyingi haistahili pesa ya tatu.

Kabla ya fundi wa gesi, angalia raba ya mlango. Bana kipande cha karatasi, funga, kivute. Kikitoka kama hakijashikwa, ioshe raba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, jaribu tena. Uchafu peke yake huweza kuifanya isishike. Kisha isogeze friji sentimita 10 kutoka ukutani na ufute vumbi la nyavu za nyuma. Barafu ikizidi nusu sentimita kwenye kuta za friza, iyeyushe. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa mrija na kununua friza nyingine.

Joto la chumba nalo linahesabika. Nyumba ya bati isiyo na dari huchemka kuanzia saa saba mchana, na friji iliyokaa humo, pembeni ya jiko la mkaa, itakula zaidi ya ile ile ikiwa upande wa kivuli. Kuihamisha hakugharimu kitu.

Kwa wanaohifadhi samaki: friji ndogo ya mlango mmoja, mpya, huchukua uniti 0.5 hadi 0.8 kwa siku. Friza ya kifua, ile inayofunguliwa juu, ya lita 200 huchukua 1 hadi 1.5. Siku mnayoingiza kilo 20 za sato au sangara wabichi, tegemea ongezeko la uniti 1.5 hadi 2, kwa kuwa kugandisha kunahitaji nguvu nyingi kuliko kutunza kilichokwisha ganda. Kwa hiyo ukipima wiki, andika siku za mzigo, la sivyo utalaumu friza kwa kazi uliyoipa. Samaki wapoe kwanza kwenye barafu ya mwaloni, pale wanaposhushwa kutoka ziwani, usiwaweke moja kwa moja kutoka juani. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na kufungwa hukaa kama saa 48, nusu yake saa 24. Kuchungulia kila saa ndiko kunakoyeyusha.

Maeneo yenye umeme mdogo jioni, hasa mwisho wa laini milimani, kompresa hushindwa kupanda: inabofya, inanguruma sekunde chache, inakata, inarudia. Inavuta umeme mwingi na haipozi chochote. Izime hadi saa nne usiku. Kama ni kila siku, toa taarifa, na weka kifaa cha kulinda friji kinachokata umeme ukishuka mno.

Hita na pampu

Hita ya bafu ya papo kwa papo huwa ya wati 5,500. Dakika kumi ni uniti 0.9. Watu watano, dakika nane kila mmoja, ni uniti 3.7 kwa siku, 110 kwa mwezi, Sh 39,000 na ushei kwa T1. Mara nyingi hiyo ndiyo siri nzima ya nyumba iliyohamia Nyegezi au Kiseke kutoka nyumba isiyo na hita. Geuza swichi kwenye joto la chini. Maji ya Mwanza hayatoki baridi ya kuogopesha. Na gusa waya wake kwa nje, hita ikiwa imezimwa punde baada ya kuoga: ukiwa wa moto, ni mwembamba. Hita hiyo huvuta ampia 24, inataka waya wa mm² 6 na breka yake peke yake.

Hita ya tangi la lita 50 hutumia uniti 2.1 kutoa maji kwenye nyuzi 24 hadi 60. Ikiachwa imewashwa siku nzima, hurudia kupasha joto linalotoroka ukutani. Kama ni ya wati 1,500, saa moja na nusu inatosha. Bomba la moto linalodondosha tone tone ni umeme unaodondoka.

Pampu ina kipimo chake kizuri kuliko vyote: saa ya mkononi. Nyumba za juu ya mawe, Isamilo au Bugarika, hupokea maji kwenye tangi la chini na kuyapandisha kwenye simtanki. Pampu ya nusu farasi ikipandisha lita 1,000 kwa dakika 40, imetumia uniti kama 0.4. Sasa chukua bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Bili ikisema 18, pampu ilipaswa kula uniti 7 hivi za umeme mwezi huo. Bili ya maji ikipanda pamoja na luku, maji yanapotea: boya limekwama na simtanki inafurika usiku, au choo kinavuja kimya kimya. Bili ya maji ikibaki pale pale na luku kupanda, pima dakika. Saa moja na nusu kwa lita 1,000 ni dalili ya vali ya chini inayorudisha maji, hewa kwenye maungio ya bomba la kuvutia, au kapasita iliyokufa nusu. Anza na maungio. Tepu ya nyuzi ni bei ya chai.

Tumeacha mkaa, umeme umepanda

Ndivyo inavyotakiwa kuwa, ila usihukumu kwa luku pekee. Andika vyote vitatu kwa mwezi mmoja: uniti, kilo za gesi, kilo za mkaa. Mtungi wa gesi unapimika kwa mizani ya samaki ya kuning'iniza. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, toa huo. Kilo moja ya gesi ina nishati ya uniti 12.8. Kilo ya mkaa ina kama 8, lakini kwenye jiko la kawaida sehemu kubwa inakwenda hewani.

Kama umeme umepanda kuliko ulivyotarajia, tazama chombo. Kilo ya maharage kwenye jiko la koili la wati 1,200 kwa saa mbili na nusu inakaribia uniti 3. Kwenye jungu la presha la umeme ni kama 0.4. Watu wengi walionunua koili wakasema umeme ni ghali walikuwa na haki, ila kwa koili.

Mwezi huu umeruka

Linganisha na mwezi ule ule wa mwaka jana, meseji za tokeni zimo kwenye simu. Taa haziwezi kuwa sababu ya msimu: tuko karibu na ikweta, usiku wa Juni na wa Desemba karibu ni sawa. Hita huongezeka asubuhi za Juni hadi Agosti, feni kwenye joto la Septemba na Oktoba. Feni ya wati 55 kwa saa tisa ni nusu uniti. Likizo za shule zina televisheni mchana kutwa. Mruko usioelezwa na hayo, hasa ukianza na mvua, unaelekea kwenye kipengele kinachofuata.

Kila kitu kimezimwa, mita bado inapepesa

Chomoa vyote, zima taa, acha meinswichi juu. Mita ikipepesa, umeme unavuja mahali. Shusha breka moja moja hadi itulie. Kinachoongoza ni waya uliofukiwa kwenda banda la uani au kwenye pampu, ganda lake limepasuka na udongo umelowa. Ukiukuta, usiuwashe tena hata kwa majaribio. Ukuta au bomba la maji linaweza kuwa na umeme. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni na kipima uzuiaji, kifaa kinachoonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme.

Kama meinswichi imeshushwa na bado inapepesa, tatizo liko kati ya mita na meinswichi, au mtu amechukua umeme hapo katikati, au mita ni mbovu. Huo ni upande wa TANESCO.

Unaposhuku mita inasoma zaidi, ijaribu kwa birika. Zima kila kitu, washa birika la wati 2,000 lililojaa maji, pima mipepeso. Namba ikiwa 1,500 usifurahi: volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, birika lenyewe huvuta hivyo hivyo. Ikiwa 2,000 au pungufu, hakuna dalili kuwa mita inasoma zaidi. Ikiwa 3,000, rudia mara mbili, andika tarehe, saa, namba ya mita, sekunde ulizopata na wati za birika, upeleke ofisini uombe mita ikapimwe. Lakiri isiguswe na mtu yeyote kabla hawajafika, hata fundi wako unayemwamini.